Uzi kwa wanaoanza kazi ya pampu: usiifungue kabla hujasoma geji mbili na ampea

MzeeWaHedi #1

Wakuu, heshima kwenu.

Nimestaafu lakini simu yangu haijastaafu. Wengi wanaonipigia ni vijana walioajiriwa juzijuzi, wengine mamlaka za maji, wengine viwandani, wengine kwenye mashamba ya umwagiliaji, na maneno yao yanafanana: "Mzee, pampu haisukumi. Tumeifungua, impela nzima, beringi nzima. Sasa tufanyeje?" (Impela ni lile gurudumu lenye mabawa linalosukuma maji.) Wameshaifungua! Gasketi imechanika, sili inayozuia maji kuvuja kwenye shafti imeshikwa na vidole vya grisi, nati moja haionekani, na ugonjwa wenyewe uko mita mia mbili kutoka hapo, kwenye bomba. Nimeona niandike hapa, mliotoka chuo na mliotoka VETA msome wote, muulize, na wenye uzoefu mnikosoe pale nitakapoteleza.

Nazungumzia pampu za sentrifugali tu, zile za impela inayozunguka ndani ya ganda. Za pistoni na za skrubu zina mwalimu wake.

Kwanza, pampu haitoi presha. Inatoa hedi, na hedi tunaipima kwa mita. Impela ikiweza kuyapandisha maji mita 40, itaipandisha na petroli mita 40 hizo hizo. Geji ndiyo itakayosoma tofauti: kwa maji baridi karibu bar 3.9, kwa petroli karibu bar 2.9, kwa kuwa petroli ni nyepesi. Ampea nazo zitashuka. Kijana asiyelijua hili ukimhamisha kutoka idara ya maji kwenda bohari ya mafuta ataripoti kwamba pampu zote za kule ni mbovu. Shika namba moja kichwani: bar 1 ni mita 10.2 za maji.

Pili, pampu haijichagulii pa kufanyia kazi. Ina mchoro wake, wengi tunauita kevu: maji yakitoka kidogo hedi inakuwa kubwa, yakitoka mengi hedi inashuka. Bomba nalo lina kevu yake inayopanda, maana kuna kimo cha tanki, halafu kuna msuguano, na mtiririko ukiongezeka mara mbili msuguano unaongezeka karibu mara nne. Kevu hizo mbili zinapokatana, hapo ndipo pampu itakaa upende usipende. Ukimwona mtu anabadilisha pampu ili aponye bomba, muulize kama amewahi kuzichora zote mbili kwenye karatasi moja.

Sasa vifaa. Geji moja kwenye sakisheni, yaani upande wa kunyonyea, iwe ya kusoma na chini ya sifuri. Geji ya pili kwenye dilivari, yaani upande wa kutolea, kati ya pampu na valvu, si baada ya valvu. Klampu mita, ya kupima ampea, kwenye nyaya za mota. Na kevu ya mtengenezaji mkononi. Dilivari ikisoma juu kuliko kawaida na ampea zikawa chini, maji hayana pa kwenda: kuna valvu imefungwa nusu, nonriteni (valvu inayozuia maji yasirudi) imekwama, au chujio la mbele limeziba. Dilivari ikisoma chini na ampea zikawa juu, maji yanapita kirahisi mno: bomba limepasuka, au kuna mtu kafungua laini nyingine bila kusema. Dilivari chini, ampea chini na sakisheni imezama sana chini ya sifuri, pampu ina njaa. Nenda futivalvu, ile ya mwisho wa bomba la kunyonyea, nenda kwenye chujio la kunyonyea, angalia kina cha maji kwenye sampu, shimo pampu inakonyonya. Ni pale dilivari iko chini huku sakisheni haina kasoro ndipo unaanza kuishuku pampu yenyewe: impela, pete za kuzuia maji kurudi nyuma, hewa inayopenya, au mota inayozunguka kinyume.

Ulizeni.

---

Chumvini #2

Nimekaa mstari wa mbele, daftari mkononi. Mods wekeni pini huu uzi.

---

KijanaWaSampu #3

Shikamoo mzee. Nimeajiriwa mwaka huu kwenye mradi wa maji wa mji mdogo, ni fundi sanifu. Tuna pampu ya 65-200, mota ya kW 15, kibati kinasema kyubiki (mita za ujazo) 80 kwa saa kwa hedi ya mita 45. Tangu wiki iliyopita tanki la juu halijai, linachukua muda mara mbili. Fundi mkuu anasema impela imeliwa na mchanga, ameshaagiza nyingine. Kesho tunafungua. Nimeenda kusoma kama ulivyosema: dilivari bar 4.9, sakisheni chini ya sifuri bar 0.2, ampea 19. Kibati cha mota kinasema 28.

---

MzeeWaHedi #4

Marahaba kijana. Umefanya vizuri kuja na namba, hapa JF (JamiiForums) wengi wanakuja na "haisukumi" tu.

Kwa faida ya wengine: 65-200 kwenye kibati maana yake mdomo wa dilivari ni milimita 65 na impela ni ya ukubwa wa milimita 200 kwa jina. Huo ni mtindo wa viwango vya Ulaya, na ukiujua utanunua spea bila kubahatisha. Lakini impela halisi huenda imepunguzwa kipenyo, kwa hiyo soma kipenyo kilichochongwa kwenye kibati kabla hujaagiza.

Sasa hesabu. Bar 4.9 jumlisha 0.2, kwa sababu sakisheni iko chini ya sifuri, unapata 5.1. Zidisha kwa 10.2. Hedi yako ni mita 52. Pampu iliyochaguliwa kwa mita 45 inatoa 52! Impela iliyoliwa na mchanga haiwezi kukupa hedi kubwa kuliko ile ya siku ya kununuliwa. Ampea zimeshuka. Hiyo pampu inasukuma ukuta. Toa kevu, tafuta mita 52, niambie inasoma kyubiki ngapi na hedi ya valvu ikiwa imefungwa ni ngapi. Kisha, kabla ya spana, tembea na bomba. Kila valvu ishike kwa mkono, izungushe.

Na huyo fundi mkuu usimwendee kwa ubishi. Mwonyeshe karatasi tu.

---

KijanaWaSampu #5

Mzee, kevu inasema hedi ya kufunga ni mita 54. Kwa mita 52 ni chini kidogo ya kyubiki 40. Ndiyo maana tanki linachukua muda mara mbili!

Tumetembea na bomba. Valvu ya geti ya pili baada ya chemba, gurudumu linazunguka laini, kushoto na kulia, halina mwisho. Tukaifungua kifuniko: shina limekatika na geti limekaa chini, limeziba zaidi ya nusu ya bomba. Kwa nje inaonyesha imefunguliwa. Fundi mkuu kaikagua mwenyewe, kanyamaza kidogo, kasema ile impela iwekwe stoo.

---

MuuzaPampu_Kkoo #6

Mzee wangu, darasa zuri, ila nina neno. Mimi niko dukani Kariakoo miaka mingi. Mteja akija na mita 40 mimi simuuzii pampu ya mita 40. Mabomba yanazeeka, umeme unashuka, mteja mwenyewe hajui urefu wa bomba lake. Nampa iliyozidi. Pampu kubwa haijawahi kurudishwa dukani kwangu, ndogo zinarudi kila siku.

---

MzeeWaHedi #7

Ndugu yangu wa Kariakoo, haijarudishwa kwa sababu anayeumia hajui kwamba anaumia. Bili inakwenda kwa mhasibu, haiji dukani kwako.

Tazama inavyokwenda. Mhandisi anahitaji mita 40, anaongeza asilimia 10 kwa usalama. Ofisi ya manunuzi inaongeza 10 yake. Wewe unaongeza 10 yako. Mita 40 zimeshakuwa 53. Mita 13 zote hizo zinakwenda kuliwa kwenye valvu iliyobanwa, maana bila kuibana mota inazidiwa. Kwa kyubiki 60 kwa saa, mita 13 hizo zinakula zaidi ya kW 3 za umeme ukihesabu ufanisi wa pampu na wa mota. Ukifanya kazi saa 20 kwa siku, kwa mwaka ni zaidi ya yuniti 24,000. Piga kwa bei yako ya umeme uone kama haununui pampu nyingine na chenji inabaki.

Na si umeme tu. Kila pampu ina mahali pake pa raha kwenye kevu, penye ufanisi wa juu kabisa. Kiwango cha API 610, cha pampu za mafuta na gesi, kinapendelea pampu ifanye kazi kati ya asilimia 70 na 120 ya mtiririko wa hapo. Ukiibana hadi nusu, maji yanamsukuma impela upande mmoja kuliko mwingine, shafti inapinda kidogo kila mzunguko, na sili na beringi zinakufa mapema. Kisha fundi analaumu sili za Kariakoo. Kwa hiyo wewe mwenyewe unajiharibia jina!

Pampu iliyozidi ikishanunuliwa, dawa ipo: impela inapelekwa leti, mashine ya kukereza chuma, ikapunguzwe kipenyo. Kwa makadirio, ukikata asilimia 5 ya kipenyo hedi inashuka karibu asilimia 10. Ukate kwa awamu, upime, usivuke kipenyo cha chini alichokitaja mtengenezaji. Chuma ukishakikata hakirudi.

---

MuuzaPampu_Kkoo #8

Hiyo ya yuniti nimeikubali. Lakini mteja anayekuja na kamba iliyofungwa mafundo badala ya vipimo, nimfanyeje?

---

MzeeWaHedi #9

Kamba yenye mafundo ni kipimo kizuri kuliko "kama kilomita hivi". Ipime mbele yake, muulize kimo na kipenyo cha bomba, halafu piga hesabu. Dakika kumi.

---

BintiMitambo #10

Shikamoo baba. Mimi ni mhandisi mwanafunzi wa kazi kiwandani. Naomba nikuulize mawili yanayonisumbua. Pampu zetu za zamani ni za glandi na pakingi, zile kamba zinazobanwa kuzunguka shafti kuzuia maji. Zinadondosha maji chini, msimamizi anachukia sakafu ikilowa, kaniagiza nizikaze zisidondoshe. Nimekaza. Sasa glandi inatoa moshi. La pili, kuna pampu moja tumeshabadilisha beringi mara kadhaa na bado zinakufa, na kaplingi inayounganisha mota na pampu iko sawa, tumepima.

---

MzeeWaHedi #11

Marahaba binti yangu. Legeza hiyo glandi leo leo.

Pakingi inaishi kwa maji. Zile tone zinazodondoka ndizo zinazoipoza na kuilainisha. Ukiikaza ikakauka, inausaga mkono wa shafti, ile silinda ya chuma inayoivika shafti. Ukiufungua utaukuta una mifereji unaweza kuihisi kwa ukucha, na pakingi mpya utakayoweka juu ya mifereji hiyo itavuja siku ya kwanza. Namna ya kukaza: pampu inazunguka, unageuza nati ya kushoto bapa moja tu, yaani ubavu mmoja wa nati, kisha ya kulia bapa moja, halafu unaondoka. Unarudi baada ya dakika 10 au 15. Pakingi inahitaji muda wa kujikalia. Ukibaki na tone kwa sekunde au hapo karibu, acha. Maji ya tone yapelekwe kwenye mfereji kwa kipande cha bomba, msimamizi apate sakafu yake kavu. Akitaka isidondoshe kabisa, anunue sili ya mekanika. Hayo mengine ni kuipa pakingi kazi isiyo yake.

Beringi: kaplingi mliipima lini, kabla ya kufunga mabomba au baada? Fanya hivi. Weka geji ya mshale kwenye kaplingi, mguu wake ushike upande wa mota, ncha iguse upande wa pampu. Sifurisha. Sasa mwenzako alegeze boli za flanji ya sakisheni, moja moja, wewe usiondoe macho kwenye mshale. Kisha za dilivari. Mshale ukisogea zaidi ya milimita 0.05, bomba linaivuta pampu. Aliyefunga alikuta flanji hazikutani, akaingiza mtaimbo, akavuta, akakaza boli. Bomba tangu siku hiyo linataka kurudi kwake na beringi ndiyo inayolipa. Hapo hata ubadilishe beringi za bei gani. Bomba likatwe, lishikiliwe na nguzo zake, likutane na pampu bila kulazimishwa.

Na grisi? Nani anapaka na kiasi gani?

---

BintiMitambo #12

Kuna kijana anapiga grisi kila Ijumaa mpaka itokee pembeni. Tunamsifia kwa bidii yake kwa kweli.

---

MzeeWaHedi #13

Mpeni kazi nyingine Ijumaa. Beringi ikijaa grisi inaichapa tu, inachemka, grisi inayeyuka na kupoteza nguvu. Nafasi ya ndani ijazwe theluthi moja hadi nusu. Kiasi na muda viko kwenye kitabu cha pampu, vinategemea ukubwa wa beringi na mwendo. Beringi nyingi nilizoona zimekufa zimekufa kwa kupendwa.

---

Fundi254 #14

Mzee, heshima zako. Niko Eldoret, kiwanda cha kusindika chakula. Tulihamishiwa pampu ya kulisha boila kutoka tawi letu la Mombasa. Kule ilifanya kazi miaka bila matata. Hapa ikianza tu inalia kama imemeza kokoto, geji ya dilivari inatetemeka, boila inakosa maji. Tumebadilisha impela, ile ya zamani ilikuwa na vishimo karibu na mahali maji yanaingilia, kama imechomwa na asidi. Impela mpya nayo imeanza kulia hivyo hivyo. Tanki la kulisha liko na maji ya nyuzi 85, kimo chake mita 1.5 juu ya pampu. Kuna jamaa anasema ni maji ya huku yana kemikali.

---

MzeeWaHedi #15

Karibu ndugu yetu. Nilikuwa nasubiri mtu wa mlimani aje.

Si kemikali. Pampu haivuti maji, vijana liandikeni hili. Impela inapunguza presha mdomoni mwake, halafu kinachoyasukuma maji yaingie ni uzito wa hewa juu ya tanki, pamoja na kimo cha tanki kama liko juu. Kinachopinga ni msuguano wa bomba la sakisheni na ule utayari wa maji yenyewe kugeuka mvuke. Kinachobaki baada ya kutoa hivyo ndicho kinaitwa NPSH iliyopo. Pampu nayo ina NPSH inayoihitaji, imeandikwa kwenye kevu. Iliyopo ikipungua, maji yanachemka ndani ya impela, mapovu yanakwenda yakapasukia kwenye presha kubwa mbele kidogo, na kila povu linapofunga linaipiga chuma. Ndizo kokoto unazozisikia na ndivyo vishimo unavyoviona.

Sasa hesabu yako. Mombasa ni usawa wa bahari. Hewa kule, ukiigeuza kuwa kimo cha maji ya nyuzi 85, ni karibu mita 10.7. Mvuke wa maji ya nyuzi 85 unakula mita 6.1. Zinabaki 4.6. Ongeza kimo cha tanki 1.5, toa msuguano, nikadirie 0.8 mpaka utakaponiambia vinginevyo: mita 5.3. Eldoret mko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa yenu ni karibu mita 8.3 tu. Toa zile zile 6.1, zinabaki 2.2. Jumlisha 1.5, toa 0.8: mita 2.9. Maji ya huko kwenu yanachemka karibu nyuzi 93, sasa 85 ni mlangoni kabisa. Pampu yako inahitaji ngapi?

---

Fundi254 #16

Kevu inasema 3.5. Aisee. Pampu ile ile, maji yale yale, bomba lile lile.

---

MzeeWaHedi #17

Pampu nzima, mlima ndio umeongezeka. Pandisha tanki mita 2, utakuwa na 4.9, unapumua. Watu wa Mbeya, Iringa, Njombe, Nairobi, hii inawahusu: ukinunua mtambo wenye maji ya moto au wenye kunyonya kutoka chini, mwambie muuzaji uko kimo gani. Na kwa anayenyonya kutoka mtoni, zile mita 7 za kunyonya zinazotajwa dukani ni za usawa wa bahari, maji baridi, bomba fupi.

Tena msije mkabana valvu ya sakisheni ili kupunguza maji. Mtiririko unapunguzwa dilivari siku zote. Na kipunguzio cha bomba kinachoingia kwenye pampu kiwe kile cha upande mmoja ulionyooka, upande huo ukae juu, vinginevyo hewa inajikusanya pale juu na utahangaika na pampu inayopoteza maji kila asubuhi.

---

MskatiMswahili #18

Salaam kutoka Maskati. Nafanya kazi kwenye mitambo ya maji ya bahari. Niongezee kidogo kwa walioko Dar, Tanga, Mombasa wanaopampu maji ya bahari: stenlesi ya 316 ikisimama na maji ya bahari ya moto yaliyotulia ndani yake inatoboka vitundu vidogo, hasa chini ya gasketi na pembeni mwa sili. Ikizunguka ina nafuu, ikisimama ndipo inaliwa. Pampu ya akiba tunaisuuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi kila inapozimwa. Bajeti ikiruhusu kuna stenlesi za dupleksi, ndizo zetu sasa.

---

MzeeWaHedi #19

Shukrani sana sheikh. Hiyo ya pampu iliyosimama wengi hawaijui, wanadhani ya akiba haichakai.

---

Chumvini #20

Mzee, impela za kigeni bei imekuwa mbaya. Hapa mtaani kuna jamaa wa kuyeyusha chuma, unampelekea ya zamani anakuigizia. Inafanana kabisa, ila mabawa yake ameyanyoosha kidogo maana anasema mkunjo unamsumbua kwenye mchanga. Maji yanatoka lakini machache. Tatizo ni nini?

---

MzeeWaHedi #21

Umeshalitaja mwenyewe. Mkunjo.

Denis Papin alitengeneza pampu ya namna hii mwishoni mwa karne ya 17, mabawa yake yamenyooka. Kwa muda mrefu zilibaki za mabawa yaliyonyooka. Mwaka 1851 kwenye maonyesho makubwa ya London, Mwingereza John Appold alileta impela yenye mabawa yaliyopinda kuelekea nyuma. Wakazipima: ya mabawa yaliyonyooka kutoka katikati ilipata ufanisi wa asilimia 24, ya Appold ikapata 68. Huyo jamaa wako, bila kujua, anakurudisha nyuma ya 1851.

Simdharau, ana mikono. Mwambie atengeneze kisanduku cha mbao kinachofuata mkunjo wa bawa, asitegemee kuikandamiza ya zamani mchangani, maana chuma kinaposinyaa kikipoa impela inatoka ndogo kuliko mama yake. Bawa liwe jembamba na laini ndani. Kisha apeleke leti, na ilinganishwe uzito wa pande zote kabla ya kuzunguka mizunguko 2,900 kwa dakika. Hapo inafaa kwa maji ya kawaida. Kwa kemikali au boila, usijaribu.

---

KijanaWaSampu #22

Mzee, ofisini sasa wanataka kufunga inveta, kifaa cha kubadili mwendo wa mota, ili kuokoa umeme. Mwenye kuiuza anasema ukipunguza mwendo hadi asilimia 80 umeme unashuka karibu nusu. Kweli?

---

MzeeWaHedi #23

Kweli kwa mfumo ambao hedi yake yote ni msuguano. Mtiririko unafuata mwendo, hedi inafuata mwendo kwa mraba, nguvu inafuata kwa mchemraba. 0.8 × 0.8 × 0.8 ni 0.51, hajadanganya. Lakini tanki lako liko kimo gani kutoka pampuni?

---

KijanaWaSampu #24

Mita 40 kwa ramani.

---

MzeeWaHedi #25

Basi hedi yako karibu yote ni kimo. Pampu yako ilikuwa na hedi ya kufunga mita 54. Kwa asilimia 90 ya mwendo inabaki karibu 44. Kwa asilimia 85 inabaki 39. Tanki liko 40! Mota inazunguka, umeme unaliwa, tone halipandi, na maji yanachemka ndani ya ganda. Inveta kwako itasaidia kuanzisha na kuzimisha polepole, na hilo lina maana: maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kwenye bomba la chuma yakisimamishwa ghafla yanapiga kwa karibu bar 10 za ziada, umeme ukikatika utausikia mlio huo hadi ofisini. Ila kwa kuokoa umeme, toa lile geti lililokatika ujaze tanki kwa saa chache. Hiyo ndiyo akiba yako.

Na ukishaibadilisha valvu, fanya jaribio la kufunga: anzisha pampu na valvu ya dilivari imefungwa, soma geji, si zaidi ya dakika moja, fungua. Ukipata karibu na zile mita 54, impela na pete zake ni nzima. Ukipata chini sana, kwanza angalia mzunguko, hasa kama mota imetoka kusukwa. Fezi mbili zikibadilishana pampu ya namna hii inazunguka kinyume na bado inatoa maji, kidogo tu, ndiyo maana inadanganya watu. Jaribio hili usilifanye kwenye zile pampu za mapanga za kusukuma maji mengi kwa kimo kidogo mashambani. Zile ukizifungia mota inazidiwa.

---

Fundi254 #26

Mzee, bosi amekataa kupandisha tanki. Anasema jengo halina nafasi na ni gharama. Kuna njia nyingine?

---

MzeeWaHedi #27

Zipo za kukusogeza. Bomba la sakisheni lipanuliwe saizi moja au mbili, kona zipunguzwe, valvu iwe ya geti au ya bola. Ukishusha msuguano kutoka 0.8 hadi 0.3 utapata mita 3.4. Bado hujafika 3.5, na mimi sipendi kukaa hata pale pale, nataka nusu mita hadi mita moja ya ziada. Shusha na joto la tanki kutoka 85 hadi 80: hapo peke yake unapata kama mita 1.1. Ukiunganisha zote mbili unakuwa na karibu 4.5. Ila maji yakiwa ya baridi zaidi yanabeba oksijeni nyingi zaidi, na oksijeni inakula mirija ya boila, kwa hiyo mtu wa dawa za boila ajue kabla hujashusha, aongeze dozi.

---

Fundi254 #28

Tumeshusha hadi 80 leo asubuhi tukimwambia mtu wa dawa. Kokoto zimepungua sana, geji imetulia. Bomba litafuata wikendi. Sasa bosi anasema mnaona, hamkuhitaji tanki.

---

MzeeWaHedi #29

Mwandikie kwenye karatasi moja: gharama ya kuinua tanki mara moja, na pembeni yake dozi ya ziada ya dawa kwa mwezi, na kuni au dizeli ya kupasha yale maji ndani ya boila kutoka 80 badala ya 85. Usiongeze neno. Wikendi ukimaliza bomba, nitumie sakisheni, dilivari na ampea, na joto la tanki wakati ule ule.